Kabla Hujaling'oa Dirisha la Mvule

Ukipita Chumbageni au Ngamiani, hapa Tanga, utaziona nyumba za zamani zikivuliwa madirisha ya mbao na kuvishwa ya aluminiamu. Fremu za mvule zimelazwa nje juu ya kifusi, bawaba zingali mahali pake, vipande vya vioo vimeng'ang'ania puti, zinasubiri mtu wa kuni. Mimi siwezi kuzipita bila kusimama. Nazigeuza, nazigonga, nazichokonoa kwa ufunguo, na karibu kila fremu ina ugonjwa ule ule: ubao wa chini umeoza na kona mbili za chini zimeachia, lakini miimo ya pembeni na ubao wa juu bado ni mizima, migumu, haina hata ufa. Dirisha zima limetupwa kwa ajili ya ubao mmoja.

Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonikalisha niandike. Mvule uliokomaa haupatikani kirahisi siku hizi. Mbao zilizoingia kwenye madirisha ya wazee wetu zilipasuliwa kwenye miti iliyokaa msituni miaka mingi, na leo ukienda kutafuta ubao wa namna ile utaambiwa uagize, kisha utatajiwa bei ya kukurudisha nyumbani ukafikiri upya. Halafu huo huo ubao unao tayari ukutani kwako, umekauka, umetulia, hautapinda tena, na unamlipa mtu aje aung'oe.

Nyumba ninayoishi waliijenga wazazi wangu kidogo kidogo, kama zilivyojengwa nyumba nyingi, kwa hiyo ina madirisha ya kila zama. Mbele ni ya mbao. Upande wa jikoni ni ya chuma, yale yenye vioo vilivyoshikwa na puti. Bafuni na stoo ni luva. Chumba cha mwisho kuongezwa kina aluminiamu ya kuteleza. Nimeyatunza yote, mengine kwa mikono yangu, mengine nikiwa nimekaa pembeni ya fundi namshikia tepu. Na yote yamenifikisha mahali pamoja: kinachoua dirisha ni maji yaliyokosa njia ya kutoka, na maji hukaa chini. Ukijua yanakaa wapi na kwa nini, umeshafanya nusu ya kazi.

Mvua peke yake haiozeshi mbao. Kuozesha ni kazi ya kuvu, na kuvu hawawezi kuishi kwenye mbao kavu. Wanahitaji unyevu unaofika kama asilimia 20 ya uzito wa mbao au zaidi, na wanahitaji ukae. Ubao unaolowa asubuhi ukakauka jioni unaweza kudumu kuliko aliyeupigilia. Ubao wenye ufa mdogo kwenye rangi, maji yakaingia na rangi ikayazuia yasitoke, unaoza kimya kimya huku uso wake unang'aa. Ndiyo maana mtu hupaka rangi ya mafuta kila Idi au kila Krismasi na bado dirisha linakwenda. Anazidi kuyafungia maji ndani.

Kwetu pwani mvua kubwa za masika huingia pamoja na kusi, kwa hiyo hazishuki wima, zinakuja kwa ubavu. Dirisha linalotazama kusini au kusini mashariki linapigwa usoni kwa wiki nyingi, wakati lile la kaskazini mwa nyumba hiyo hiyo limekaa shwari. Kagua kwanza upande unaopigwa. Toka nje, inama chini ya dirisha, washa tochi ya simu, tazama tumbo la kile kizingiti cha mbao kinachochomoza nje ya ukuta. Fundi wa zamani aliyejua kazi yake alichimba hapo mfereji mwembamba, upana wa penseli hivi, kutoka kona hadi kona, karibu na ukingo wa nje. Mfereji huo si urembo. Maji yanayoteremka juu ya kizingiti yakifika ukingoni hujaribu kugeuka na kurudi chini ya ubao kuelekea ukutani; yakikutana na mfereji yanashindwa kuuvuka, yanadondoka. Sasa uguse kwa kidole. Kwenye madirisha mengi nimekuta mfereji umezibwa na rangi iliyopakwa juu ya rangi, au umejaa lipu ya fundi aliyekuja kurekebisha ukuta baadaye. Kuanzia siku ulipozibwa, maji yanarudi nyuma, yanaingia kati ya fremu na ukuta, na ubao unaanza kuozea mgongoni, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kuuzibua ni kazi ya bisibisi ya zamani na nusu saa. Sijui ukarabati mwingine wowote wa nyumba unaorudisha faida kubwa hivyo kwa jasho dogo hivyo.

Kitu cha pili cha kutazama ni mwinamo. Kizingiti lazima kiinamie nje. Mwaga kikombe cha maji juu yake uone yanakwenda wapi. Yakisimama, au yakirudi ndani, dawa ni kukiranda au kukiinua upya, na rangi haitakusaidia. La tatu ni lipu: fundi mwashi akimalizia ukuta wa nje hupenda kuipandisha lipu ikakutana na mbao juu ya usawa wa kizingiti, ionekane safi. Hapo ametengeneza bakuli.

Kabla ya kuamua kama mbao imekufa, ichokonoe. Chukua bisibisi yenye ncha kali, ichomeke kwenye ubao kwa pembeni, kisha inyanyue kama unayetoa kibanzi. Mbao nzima itakupinga, halafu itatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza itakatika pale pale vipande vifupi, bila sauti, na ndani utaona rangi imegeuka. Anza kwenye kona za chini, upande kwa upande, uweke alama ya penseli pale ambapo nyuzi ndefu zinaanza kurudi. Mstari huo ndio utakaokuambia unahitaji kipande au dirisha. Mara nyingi ni kipande.

Kazi ya kukata na kuunga nilijifunza kwa mzee mmoja seremala mwenye karakana Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Nilimpelekea shata, lile bawa la dirisha linalofunguka, lililooza mguu mmoja, nikamwamkia, nikamwonyesha nilipoweka alama. Alichukua penseli yake akafuta mstari wangu uliokuwa umekwenda sawa na sakafu, akachora mwingine uliolala.

"Mwanangu, mkato uliolala hivi bapa ni kiti cha maji," aliniambia. "Ulaze utazame nje, ili yakiingia yateremke yenyewe."

Akakata mwimo kwa mshazari, juu upande wa ndani na chini upande wa nje, akaingiza sentimita chache ndani ya mbao nzima ili asibakize hata uzi wa kuvu. Kipande kipya alikikata kwa mshazari huo huo, akakiranda huku akikijaribu, akikijaribu, mpaka viliposhikana pasipite mwanga. Alipaka gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji pande zote mbili, akabana kwa kamba na kabari, kisha akatia skrubu mbili za shaba kutokea upande wa ndani. Chuma cha kawaida hakukitaka. Chumvi ya bahari hukamata unyevu hewani hata siku isiyo na mvua, na skrubu ya chuma ndani ya mbao ya pwani hushika kutu, hulegea, na huacha weusi unaoenea kwenye nyuzi.

Kipande chenyewe alikitoa kwenye fremu ya mvule iliyong'olewa nyumba nyingine. Kama huna bahati hiyo, msaji unafaa sana, na huku kwetu msaji unatoka jirani tu, kwenye shamba la miti la Longuza, Muheza. Lakini tazama unachouziwa. Msaji wa umri mdogo una sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, na hiyo nyeupe haina ile nguvu ya kuikataa kuvu na mchwa ambayo ndiyo iliyoupa msaji jina. Dai moyo wa mti, ule wa rangi ya kahawia. Muuzaji akikuambia ni mti ule ule, mwambie uko sahihi, kisha endelea kuchagua.

Palipooza padogo, tundu la kidole au ufa kwenye kona, unaweza kujaza. Kwangua mpaka ufike kwenye mbao ngumu, acha ikauke kabisa, ndipo uweke kijazio cha epoksi. Mchanganyiko wa gundi na vumbi la mbao unafaa ndani ya nyumba. Nje hautavuka masika mengi. Na usikubali ujazo wa saruji kwenye mbao. Mbao hupumua na mvua na jua, hutanuka na kusinyaa, saruji haisogei, na baada ya msimu mmoja kuna mwanya kuizunguka unaonyonya maji.

Kuna tahadhari moja ambayo mafundi wengi hawaitaji. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, ile metali, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ukipiga msasa mkavu kwenye dirisha la miaka hiyo, vumbi linatua sakafuni, na anayetambaa sakafuni ni mtoto. Lowesha, tumia msasa wa maji, tandika nailoni chini, funika pua na mdomo, na watoto wakae kwa jirani mpaka umeshafuta kwa kitambaa kibichi. Usichome rangi kwa moto.

Tena kuna suala la majira. Masika yakikolea, madirisha ya mbao yanavimba, yanakwama, na simu za kumwita fundi aje na randa zinaanza. Msimzuie kwa ukali, lakini msimruhusu arande. Ubao uliovimba utasinyaa kaskazi ikiingia, na kile alichokiondoa hakirudi. Mtakaa Januari mnatazama barabara kupitia mwanya, vumbi linaingia, na masika yajayo maji yatafuata njia hiyo hiyo. Dirisha likikwama wakati wa mvua, sugua ukingo unaokwama kwa mshumaa, kaza skrubu za bawaba ya juu, kwani mara nyingi shata limelala tu kwa sababu bawaba imelegea, na subiri. Likiwa bado linakwama wakati wa kiangazi, hapo randa ina haki yake. Baada ya kuranda, paka rangi ya msingi siku hiyo hiyo, kwa sababu umeiacha mbao uchi. Kazi zote za kuunga na kupaka rangi mimi huzipeleka Januari na Februari, au baada ya masika kupita, ubao ukiwa umekauka hadi ndani.

Madirisha ya chuma yana hadithi tofauti, ingawa mhalifu ni yule yule. Je, umewahi kuona kioo kimepasuka kutoka kwenye kona, ufa umekwenda mshazari, na hakuna aliyekirushia jiwe? Watoto wa mtaa wamesingiziwa sana kwa vioo vya namna hiyo. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Maji yakipita kwenye puti iliyopasuka, chuma kilicho nyuma ya kioo kinaanza kuvimba, na kwa kuwa kioo hakiwezi kujikunja, kinapasuka. Ukibadilisha kioo bila kuitoa kutu, umenunua kioo cha kupasuka mwakani.

Kwa hiyo kazi inaanza na kubomoa. Vaa glovu ngumu na miwani. Toa puti ya zamani kwa patasi butu na nyundo ndogo, toa kioo, kisha shika brashi ya waya na usugue mpaka uone chuma cheupe au angalau chuma kikavu kisichotoa magamba. Vishimo vilivyobaki vipake dawa ya kubadilisha kutu, ile yenye asidi ya fosforiki. Ikikauka, paka red oksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, mikono miwili, hasa kwenye ngazi, yaani ule mkunjo wa fremu kitakapokaa kioo, kwa sababu hutapafikia tena.

Kioo kikatwe kidogo kuliko nafasi, milimita mbili hivi kila upande, ili kiwe na pumzi. Vioo vya madirisha madogo huwa vya milimita 3 au 4. Kwa dirisha pana usikubali cha 3. Fundi vioo mzuri utamjua kwa jinsi anavyokata: anachovya kigurudumu kwenye mafuta ya taa, anavuta mara moja tu, kwa mkono mmoja usiosita, na unasikia mlio mwembamba unaofanana mwanzo hadi mwisho. Anayerudia mstari mara mbili anaharibu ukingo, na ufa wa kesho unaanzia hapo.

Puti ya asili ni unga wa chokaa nyeupe uliokandwa na mafuta ya kitani. Ikandwe mkononi mpaka ilainike na isishike vidole. Watu wengi huanza kwa kuweka kioo halafu wanapaka puti kwa nje; puti ya kwanza inatakiwa iwe nyuma ya kioo, tabaka jembamba kuzunguka ngazi yote, ndipo kioo kikandamizwe juu yake kwa kubonyeza kingo, kamwe si katikati. Hiyo puti ya nyuma ndiyo inayokizuia kioo kisiguse chuma na maji yasipenye. Kisha vile vipini vidogo vya kukishikia kioo, kisha puti ya mbele, ikavutwa kwa kisu kwa mwinamo mmoja ili maji yateremke. Kwenye dirisha la mbao, ngazi ipakwe kwanza rangi ya msingi au mafuta ya kitani. Mbao kavu hunyonya mafuta kutoka kwenye puti, ikabaki unga, ikapasuka.

Halafu subira, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Puti iachwe wiki moja au mbili itengeneze ngozi kabla ya rangi, na wakati wa unyevunyevu zaidi ya hapo. Rangi ikipakwa, ivuke puti na iingie juu ya kioo kama milimita 2. Wapaka rangi wengi huukwangua ule ukingo mwembamba wa rangi ili kioo kionekane safi, na hawajui kwamba wameondoa kifuniko cha pekee kati ya kioo na puti. Mwambie fundi wako mapema auache.

Vile vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona ya stoo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisimalize yote kwa silikoni. Silikoni ina mahali pake, lakini haishiki juu ya vumbi wala rangi inayobanduka, na rangi haishiki juu yake. Ile inayonuka kama siki wakati inakauka hutoa asidi inayoamsha kutu kwenye chuma. Ukilazimika kuitumia kwenye dirisha la chuma, omba isiyo na harufu hiyo.

Luva nitazipitia haraka kwa sababu ni rahisi. Ni madirisha yanayofunguka karibu yote, hewa inapita, na kioo kimoja kikivunjika unabadilisha kimoja. Vinavyokufa ni vile vishikio vya pembeni na mkono wa kuvutia. Safisha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye viungo, na kishikio kilichopinda kikunjue taratibu kwa koleo lililofungwa kitambaa kabla hakijakatika. Ubaya wake ni usalama: kioo cha luva kinachomoka kwa nje bila kelele, kwa hiyo usiiache bila grili.

Sasa aluminiamu. Sina ugomvi na metali yenyewe. Haiozi, mchwa hawaitaki, na iliyotengenezwa kwa unene wa haki inadumu. Ugomvi wangu ni ile ya kuteleza yenye vioo viwili. Dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.8, na likifunguliwa lote utapata 0.9 tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kisimame nyuma ya kingine. Lile la mbao la mashata mawili lililokuwa hapo lilifunguka lote. Kwenye mji wa joto na unyevu kama wetu, umelipa pesa upunguze upepo, kisha unalipa tena ununue feni, kisha umeme. Anayetaka aluminiamu aagize ya kufunguka kwa bawaba.

Kwa wenye nayo tayari, matunzo ni machache na yana maana kubwa. Chini ya reli, upande wa nje, kuna matundu madogo ya kutolea maji. Mchanga, mabawa ya kumbikumbi na vumbi huyaziba, mvua ya kusi inaijaza reli, na maji yanamwagika chumbani. Halafu mtu anaita fundi kuja kuziba kwa silikoni, anaziba hadi matundu yenyewe. Mswaki wa zamani na mti mwembamba vinatosha. Reli usiitie oili, mchanga utaigandia na kuvila vigurudumu. Nta ya mshumaa inateleza vizuri na haikamati vumbi. Kama kioo kimekuwa kizito, kuna skrubu ndogo chini pembeni inayopandisha kigurudumu, ijaribu kabla hujanunua kipya. Na ukiona unga mweupe kuzunguka skrubu, skrubu hiyo ni ya chuma: chumvi imezifanya hizi metali mbili ziliane, na inayoliwa ni aluminiamu. Badilisha uweke za stenlesi, uioshe fremu kwa maji baridi na sabuni laini kila baada ya muda, hasa kama unaishi upande wa Raskazone ambako upepo unakuja na chumvi yake moja kwa moja.

Wavu wa mbu ni sehemu ya dirisha, wala si nyongeza. Mwaka 2009 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Gambia, ambako nyumba ziliwekewa wavu milangoni na madirishani, na mianya ya paa ikazibwa. Mbu waliokamatwa ndani walipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 kwenye nyumba zilizozibwa kikamilifu, dhidi ya 30 kwenye nyumba zisizozibwa. Ninayakumbuka matokeo hayo kila ninapoona wavu wenye tundu linalopitisha ngumi na mwenye nyumba anasema atashughulikia mwisho wa mwezi.

Tundu dogo shona. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita mbili kila upande, kiweke juu, ushone kwa sindano na uzi wa mvuvi, ule wa nailoni usiooza. Nyuzi za wavu uliochanika zirudishe kwanza mahali pake kwa ncha ya sindano, moja moja, kabla hujaweka kiraka, ndipo kitakaa bapa. Wavu wa plastiki uliokaa juani ukibonyezwa ukakatika kama mkate mkavu, usiushone, umekwisha, badilisha. Na uoshe wavu mara kwa mara kwa brashi laini. Wavu hupunguza upepo hata ukiwa msafi, ukijaa vumbi la barabara unakuwa kama pazia, na hapo ndipo watu huuondoa kabisa wakidhani wavu ndio wenye kosa.

Grili nazo zitazamwe mahali nondo inapoingia ukutani. Michirizi ya kahawia hapo maana yake kutu iko ndani na itaipasua lipu. Kwangua, tia red oksaidi, ziba. Na tafadhali, katika kila chumba cha kulala angalau grili moja iweze kufunguliwa kutoka ndani, ufunguo wake ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua gizani. Moto hausubiri mtu atafute msumeno.

Neno kwa wenye nyumba za mawe ya matumbawe, za Pangani, za Lamu, za Mji Mkongwe wa Unguja. Ukuta huo ulijengwa kwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu uingie na utoke. Fundi akija kuziba kuzunguka fremu kwa saruji, unyevu wa ukuta mzima unatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mbao yako. Zibeni kwa chokaa na mchanga, hata kama fundi atawaambia inachelewa kukauka.

Kuhusu mchwa: vijia vya udongo juu ya fremu vinaonyesha njia wanayopanda kutoka chini, kwa hiyo kumwaga dawa kwenye dirisha peke yake hakusaidii, lazima uufuate ukuta hadi chini. Oili chafu ya gari ambayo wengi huipaka kwenye mgongo wa fremu mpya ina shida yake: panapopakwa, rangi haishiki tena.

Yapo madirisha ya kuyaaga. Uozo ukipanda mpaka kwenye viungo vya juu, au ukuta ukiwa umeteremka na fremu haina tena pembe mraba hata moja, kipande hakitatosha, na fundi mkweli atakuambia hivyo. Basi itoeni fremu bila kuibomoa: kateni misumari ya ukutani kwa blade ya msumeno wa chuma, iteremke nzima. Ng'oa bawaba za shaba uziweke. Kata sehemu iliyooza utupe, miimo iliyobaki ikauke chini ya kibaraza, ikiwa imeinuliwa juu ya matofali. Fremu moja ya mvule iliyokwisha ina mbao za kutosha kutengeneza vizingiti vya madirisha mengine mawili, na jirani yako mmoja anavihitaji kabla ya masika.